Mstari Mwekundu wa Mwalimu Kani

Wanafunzi wakikupa jina, usihangaike kulikataa; utazeeka nalo na pengine utazikwa nalo. Mwalimu wa sayansi wa darasa la sita alipewa lake mwaka wake wa kwanza kazini, na wa kulaumiwa alikuwa yeye mwenyewe. Mtoto akisema daftari limeanguka, yeye aliuliza, "Limeanguka lenyewe? Iko wapi kani?" Mtoto akilia kwamba amesukumwa mlangoni, badala ya kuhurumiwa aliulizwa amesukumwa kuelekea upande gani. Mwaka haujaisha akawa Mwalimu Kani, na miaka ishirini na minne baadaye hata mkuu wa shule alikuwa amesahau jina lililoandikwa kwenye faili lake.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye goti moja bovu na ulimi usiojua likizo. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba hakupenda kukosea. Na kusema kweli alikosea mara chache sana, jambo linalomharibu mtu kuliko kukosea kila siku.

Sayansi hakuanzia chuoni. Aliipata kwa baba yake, aliyekuwa mpima maji. Kila asubuhi na kila jioni mzee yule alishuka mtoni, akasoma namba kwenye ubao uliosimikwa majini, kisha akatupa limau. Naam, limau. Alikuwa na vigingi viwili ukingoni, hatua ishirini kutoka kimoja hadi kingine. Limau likipita kigingi cha kwanza alianza kuhesabu, likipita cha pili aliacha. Binti akauliza kwa nini limau, kwa nini si kijiti.

"Kijiti kinasukumwa na upepo," baba alimjibu. "Limau linazama karibu lote, linakwenda na maji yenyewe. Ukitaka kujua habari za maji, usiende kumuuliza upepo."

Daftari la mzee lilikuwa na safu mbili, Kina na Mwendo, na hakuwahi kujaza moja akaacha nyingine. Siku moja mvua ikimwagika, mto ulianza kushuka ghafla mbele ya macho yao. Mzee alimshika binti mkono akamkokota mpaka juu barabarani, kandambili moja ikabaki kwenye tope. Walipofika juu ndipo alipofungua mdomo. "Maji yakipanda, ogopa. Yakishuka na mvua inanyesha, kimbia. Kuna kitu huko juu kimeyashika, na hakitayashika milele." Siku ile halikutokea jambo kubwa, mto ulirudi na kelele kidogo, ukaichukua kandambili, basi. Binti akaliweka neno la baba pale wengi wetu tunapoweka maneno ya wazazi, yaani kabatini nyuma kabisa.

Mumewe alimpata kwa sababu ya mtoto mkaidi. Katika darasa lake la kwanza kulikuwa na mvulana ambaye ukimwita ubaoni, jibu ni "dakika moja tu", ukimdai kazi ya nyumbani, "dakika moja tu", mpaka wenzake wakambatiza Dakika. Wazazi wake walikuwa wamefariki, akilelewa na kaka yake mkubwa, fundi wa mitambo kwenye nyumba ya pampu. Mwalimu Kani alimwita kaka mtu shuleni mara tatu kwa makosa ya mdogo wake. Mara ya nne Fundi alikuja bila kuitwa, amevaa shati lililopigwa pasi, na Dakika siku hiyo hakuwa na kosa lolote.

Wakaoana. Hawakujaliwa mtoto. Dakika akawa kwa mwalimu wetu mwanafunzi, shemeji na mtoto, vyote kwa pamoja, na alivitumia vyeo vyote vitatu bila aibu. Alipokua akaajiriwa pale pale kwenye pampu chini ya kaka yake, akapewa chumba cha uani, akawa anakula kwa Mwalimu Kani na kumtania kwa Mwalimu Kani. Akipakuliwa chakula kidogo alisema, "Shemeji, sahani hii haina uzito. Iko wapi kani?" Naye alipigwa na upawa, kwa upendo.

Sasa ni lazima nieleze ile pampu, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Ukingoni mwa mto kulikuwa na kisima cha zege, kirefu kama nyumba ya ghorofa mbili iliyochimbiwa ardhini. Maji ya mto yaliingia humo kwa tundu la chini, yakapita kwenye chujio la chuma, pampu ikayavuta kwenda mjini. Chujio likiziba kwa majani, lazima mtu ashuke kulifungua na kulisafisha. Kwanza wanateremsha lango la chuma kwa mnyororo kuziba tundu la mto, kisha pampu ndogo inakausha kisima, kisha mafundi wanashuka kwa ngazi. Lango halikuziba sawasawa; maji yalichuruzika pembeni, na pampu ndogo ilikuwa na kazi ya kushindana nayo.

Zamani waliingia kwa kukisia. Mwaka mmoja mto ukiwa umejaa, maji yalichuruzika kwa nguvu kuliko pampu ndogo ilivyoweza, na Fundi alitoka kisimani amekunywa mengi kuliko alivyotaka. Alipofika nyumbani amelowa, mkewe hakulia. Alikasirika. Alichukua kopo, akalitoboa matundu matatu, la juu, la kati na la chini, akalijaza maji, akaliweka juu ya meza ya kulia chakula. Tundu la juu likadondosha tu. La chini likatema mpaka kwenye suruali ya mumewe.

"Umeona?" akasema. "Maji yakiwa marefu, kani ya chini inakuwa kubwa. Lango lenu liko chini. Mnaingia tu kama kuku!"

Siku tatu alipiga hesabu. Alipima lango, akapima kasi ya pampu ndogo, akatafuta kina ambacho chini yake pampu ndogo lazima ishinde. Siku ya nne alikwenda na kopo la rangi nyekundu, Dakika akambebea brashi, wakachora mstari mmoja mnene kwenye nguzo ya zege iliyosimama majini. Mwalimu alisimama juu kwenye jukwaa akielekeza, Dakika akapaka. Akamwacha pale na kopo, kijana akidai bado anamalizia. Ofisi ilifurahi mno. Wakaandika amri na kuitundika ukutani: maji yakiwa chini ya mstari mwekundu, ruhusa kuingia. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyelowa hata soksi, na Mwalimu Kani kila akipita darajani aliutazama mstari wake jinsi wengine wanavyotazama picha ya harusi.

Ila ule mstari ulikuwa na safu moja tu. Ulijua kina. Mwendo haukuujua.

Ikaja wiki ile ya mvua. Ilinyesha siku nne bila kupumua, mto ukawa wa rangi ya chai, ukapanda hatua mbili juu ya mstari. Siku ya tatu chujio liliziba na mabomba ya mji yakakauka. Zahanati ilipiga simu, ofisi ikapiga simu, na kila aliyepiga aliongea kana kwamba Fundi ndiye aliyeyameza maji.

Asubuhi ya siku ya nne walikunywa chai wote watatu, mvua ikipiga bati.

"Mwalimu," Dakika alisema, "huo mstari wako hauwezi kupanda kidogo? Leo tu. Watu wana kiu."

"Mstari haupandi," Mwalimu Kani akajibu. "Maji yakiwa juu yake, mkae. Yakiwa chini yake, ingieni bila wasiwasi."

"Umesikia, kaka? Bila wasiwasi. Mwalimu kasema."

Fundi alicheka, akachukua koti lake, wakatoka. Mwalimu Kani aliosha vikombe vitatu akaenda shuleni. Baadaye alikuja kuyakumbuka maneno yake, moja baada ya jingine, mara nyingi kuliko afya ya mtu inavyoruhusu.

Darasa la sita lilikuwa ghorofani na madirisha yake yalitazama mto. Saa nne na nusu alikuwa anafundisha kwamba kitu kilichotulia kitabaki kimetulia mpaka kani ikisukume, mfano ukiwa mtoto mmoja wa nyuma ambaye hakuwa amesogea tangu asubuhi. Watoto walikuwa wakicheka. Kisha yeye akanyamaza katikati ya sentensi.

Kulikuwa na kitu kimepungua masikioni mwake. Mvua ilikuwepo, bati lilikuwepo, watoto walikuwepo. Ngurumo ya mto ndiyo iliyokuwa haipo. Alizaliwa nayo, akasomea nayo, akalala nayo miaka yote, na sasa imezimwa kama redio.

"Mwalimu!" msichana wa dirishani akapaza sauti. "Mto umeshuka! Maji yatatoka leo!"

Darasa zima likapiga makofi. Mwalimu Kani alikwenda dirishani. Mto ulikuwa umeshuka kweli. Ulikuwa umekonda, umebaki mkondo mmoja katikati, na kando yake tope linang'aa na samaki wadogo wanaruka ruka. Mstari mwekundu ulikuwa juu, mkavu, unaonekana wazi kutoka mbali. Na mvua ilikuwa inanyesha vilevile.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwalimu Kani alijua mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, huko juu kuna kitu kimeyashika maji ya siku nne. La pili, mumewe na shemeji yake wameuona mstari, na saa hii wako chini.

Alipiga simu ya Fundi. Iliita mpaka ikakata. Alipiga ya Dakika, nayo hivyo hivyo. Bila shaka, simu ziko mifukoni mwa makoti, makoti yako kwenye misumari, na wenyewe wako ndani ya shimo la zege. Akamwambia mwalimu wa hesabu wa chumba cha pili, "Nitazamie hawa, na mtu yeyote asishuke mtoni," akatoka. Hakuchukua mwavuli.

Kutoka shuleni hadi kwenye pampu ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu mwenye magoti mawili mazima. Alikimbia akichechemea, viatu vikijaa tope, akivipiga teke vyote viwili kwenye kona ya duka la mbao. Muuza mbao alimpigia kelele kwa furaha, "Mwalimu, mto umetuonea huruma!" Kila hatua alisikiliza upande wa juu, na kila hatua hakusikia kitu. Jambo hilo lilimtisha kuliko kelele.

Ndani ya nyumba ya pampu injini ya pampu ndogo ilikuwa inanguruma na makoti mawili yananing'inia. Aliinama kwenye mdomo wa kisima. Chini kabisa, kwenye mwanga wa taa ya waya, aliona kofia mbili zimeinamia chujio. Aliita mpaka koo likamuwasha. Kwa ile injini, ilikuwa kama kumwimbia kiziwi.

Basi akafanya alichojua. Mumewe hatapanda kwa sababu ya mke anayepiga kelele, lakini kuna kitu kimoja kitakachompandisha popote alipo. Alinyoosha mkono akazima injini.

"Nani amezima?" sauti ya Fundi ikapanda, na mwenyewe nyuma yake, ngazi ikilia chini ya uzito wake. Kichwa kikatokea, uso umejaa grisi na hasira. "Mwalimu? Una wazimu? Kisima kitajaa!"

"Tokeni. Wote. Sasa hivi."

"Maji yako chini ya mstari, hatua mbili nzima! Tumeangalia. Mstari si wako mwenyewe?"

"Mstari umekosea," akasema. "Mimi nimekosea. Mvua inanyesha na mto unashuka. Yameshikwa huko juu, Fundi. Yanakuja."

Miaka ishirini na miwili ya ndoa, Fundi alikuwa hajawahi kusikia neno hilo likitoka kinywani humo. Hasira ilimtoka usoni kama rangi iliyomwagiwa mafuta ya taa. Alipanda vidato vilivyobaki, akageuka akainama kisimani. "Dakika! Panda! Acha kila kitu, panda!"

"Nati moja imebaki, kaka," Dakika alijibu kutoka chini. "Nikiliacha hivi chujio litaanguka, tutalitafuta wiki nzima."

"Dakika, panda, nakuomba!" Mwalimu Kani alipiga magoti kwenye zege. "Hii si mizaha!"

Kijana aliinua uso. Alikuwa na miaka thelathini na sita, lakini kutoka juu, na taa ile, alionekana wa darasa la sita. Akacheka. "Kitu kilichotulia kitabaki kimetulia, mwalimu, mpaka kisukumwe. Si ndivyo? Dakika moja tu."

Ndipo waliposikia. Kwanza haikuwa sauti, ilikuwa sakafu. Kikombe cha bati kwenye meza ya zana kilianza kutetemeka kikitembea chenyewe kuelekea ukingoni. Dakika naye aliusikia ukuta, kwa sababu aliitupa spana na kuikamata ngazi, akaanza kupanda, na alipanda haraka kuliko alivyowahi kufanya jambo lolote maishani mwake. Alikuwa amepita katikati. Mwalimu Kani aliona mikono yake, akaona pete ya mpira aliyopenda kuivaa.

Lango liliachia. Halikuvunjika kidogo kidogo. Lilitoka zima kama kifuniko cha chupa, na mto wote ukaingia kisimani kwa tundu la chini. Maji yalipanda yakiwa na magogo na mawe ndani yake. Yaling'oa ngazi ukutani, na aliyekuwa juu ya ngazi akageuzwa akapelekwa chini.

Fundi alijitupa mbele. Mkewe alimkamata kwa nyuma, vidole vyote kumi ndani ya mkanda wake, akaupitisha mguu mzima kwenye nguzo ya injini. Fundi alikuwa na uzito mara mbili ya wake. Alimvuta, akampiga kwa kiwiko, akamwita jina ambalo hakuwahi kumwita. Mkewe hakumwachia. Goti lake bovu lililia kwa ndani na hakumwachia. Walikaa hivyo, mmoja anavuta kwenda kisimani na mwingine anavuta kwenda ukutani, mpaka maji yalipotapika juu ya sakafu na kuwasukuma wote wawili nje ya mlango kwenye majani.

Dakika alipatikana siku ya tatu, chini sana, watu wa huko wamemfunika kwa gunia.

Mambo mengine yalijulikana baadaye. Huko juu, bomba kubwa lililopitisha mto chini ya tuta la barabara lilikuwa limezibwa na miti, maji yakajikusanya nyuma ya tuta asubuhi nzima, mpaka tuta likachoka. Ofisi ilileta watu wawili wenye mafaili. Waliuliza swali moja: maji yalikuwa chini ya mstari? Yalikuwa chini. Wakaandika kwamba utaratibu ulifuatwa, wakampa Mwalimu Kani pole, na mmoja akamsifu kwa kuwa na mstari mzuri namna ile. Alikwenda nyuma ya nyumba akatapika.

Fundi hakumlaumu. Hakumshukuru pia. Alikula, alilala, alikwenda kazini kujenga upya, na katika siku arobaini hakugusa habari ya mkanda. Mwalimu Kani angependa kugombezwa. Kugombezwa angekuweza.

Mto uliposhuka, safari hii jua likiwaka, alichukua brashi ya waya akaenda kuufuta mstari. Fundi alimfuata bila kuitwa. Kwa mara ya kwanza tangu mstari uchorwe mwalimu alishuka ngazi za zege mpaka chini kwenye nguzo, mahali mafundi walipopita kukagua lango kabla ya kuingia. Mumewe alisimama juu yake, akaushika mkanda wa gauni lake kwa nyuma ili asiteleze. Mwalimu akaanza kusugua.

Chini ya mstari, kwa urefu wa mkono, palikuwa na tope lililoganda. Brashi ilipopita, ikatokea rangi nyekundu nyingine. Herufi ndogo, zimepinda, za mtu asiyewahi kupata alama nzuri ya mwandiko. Mahali hapo maji yakiwa juu hazionekani. Huonekana pale tu ruhusa inapokuwepo. Zilisema: MWALIMU KASEMA.

Rangi ya neno la kwanza ilikuwa nzima. Ya neno la pili ilikuwa imelika katikati, laini kama kitasa cha mlango.

"Mbona imefutika hapa?" Mwalimu Kani akauliza.

Mkono wa Fundi ulikuwa bado kwenye mkanda.

"Alikuwa anayagusa kila tukishuka," akasema. "Hata siku ile."